Gari la Umeme Tusilinunue Lingali Ua

Hakuna neno limchukizalo mkulima wa kahawa wa Bukoba na Muleba kuliko neno butura. Mwenye kibanja hubanwa na ada ya mtoto au na ugonjwa nyumbani, na kahawa yake ingali ua juu ya mti. Hapo huja mwenye fedha, humhesabia noti chache, na tangu siku ile mavuno yamekwisha kuhama mikono kabla hayajaonekana. Serikali imeikataza butura, vyama vya ushirika vimeipiga vita, na wazee wameikemea vikaoni, kwa sababu si haki bei ya kitu kukatwa wakati kitu chenyewe hakijawa kitu.

Leo twapenda kuwakumbusha ndugu zetu habari ya butura kwa kuwa imekuja kwa sura nyingine. Safari hii kinachouzwa kingali ua ni motokaa, na mwananchi wa Kagera si muuzaji tena, amekuwa mnunuzi. Picha zinazofika kila siku katika simu za mkononi zasifu motokaa za umeme za ukubwa wa kati, zenye kimo cha juu na viti vya watu watano, za jamii ile ambayo kwa petroli twaijua kwa majina ya RAV4 na Harrier. Nyingi katika hizo hazijafika Afrika ya Mashariki, na nyingine zilianza kutangazwa miaka miwili kabla ya kutoka kiwandani. Hata hivyo mfanyakazi aliyepokea kiinua mgongo chake, mwalimu mwenye mkopo wa SACCOS, na kiongozi wa chama cha msingi cha wakulima, kila mmoja ajiuliza kama asitoe malipo ya kwanza sasa, asije akaachwa nyuma.

Wako watakaosema kwamba swali la motokaa ni la wenye nacho, wala halina nafasi katika ukurasa huu. Sisi hatukubali. Kiinua mgongo ni jasho la miaka thelathini ya kazi, na fedha ya chama cha ushirika ni jasho la mamia ya kaya. Fedha ya namna hiyo ikipotea mara moja hairudi. Tena wakati wenyewe ni wa kishawishi. Mwaka 2024 bei ya kahawa ya robusta katika soko la dunia ilipanda kufikia kiwango kisichopata kuonekana kwa miongo kadhaa, na vibanja vilivyokuwa vikidharauliwa vikaheshimiwa tena. Lakini wazee wa Kagera waukumbuka mwaka 1989, Mapatano ya Kahawa ya Dunia yalipovunjika na bei ikaanguka. Fedha ya kahawa huja kwa msimu, na deni la motokaa huja kila mwezi.

Kwa hiyo yatupasa tulipime jambo hili kwa mizani, tuweke sifa upande mmoja na hatari upande wa pili, kisha tuseme wazi tuonavyo.

SIFA ZAKE ZA KWELI

Tuanze na sifa, maana adui wa kweli ni yule asemaye kuwa kila kitu kipya ni upuzi. Motokaa ya umeme ina vyuma vichache vinavyozunguka. Haina oili ya injini ya kubadilishwa, haina plagi, haina bomba la moshi la kutoboka. Breki zake hudumu, kwa sababu dereva akiinua mguu mota yenyewe huipunguzia gari mwendo, na nguvu ile hurudi katika betri. Katika nchi ya milima kama yetu jambo hili si dogo: gari linaloteremka kutoka Kamachumu kwenda bondeni hurudishiwa sehemu ya umeme lilioutumia kupanda.

Hali ya hewa nayo yatupendelea. Betri huchakaa upesi mahali penye joto kali, na hupungukiwa nguvu penye baridi kali. Bukoba, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100 na yenye upepo wa Ziwa, haina hili wala lile.

Ipo pia faida ya taifa. Petroli yote tunayoichoma hutoka ng'ambo, na hununuliwa kwa dola. Mwaka 2023 tuliona wenyewe jinsi upungufu wa dola ulivyoleta upungufu wa mafuta, na madereva wakapanga foleni vituoni. Umeme wa maji haupandi meli. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024, limejengwa litoe megawati 2,115. Kule Rusumo, katika mto uleule wa Kagera, Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga kwa pamoja mtambo wa megawati 80. Nchi iliyojinyima hata ikajenga mabwawa hayo ina haki ya kutaka umeme wake uzungushe magurudumu.

Majirani nao hawakulala. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere waliendesha motokaa ndogo ya umeme waliyoiunda wenyewe, wakaiita Kiira. Mwaka 2021 Rwanda iliyaondolea magari ya umeme mzigo mkubwa wa kodi. Mwaka 2024 Ethiopia ilikataza kuingizwa kwa motokaa binafsi za petroli na dizeli. Basi atakayesema kwamba jambo hili ni la Ulaya na Marekani peke yake hajatazama mipaka yetu.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na tufungue daftari.

Tuchukue safari ya kutoka Bukoba kwenda Muleba na kurudi, ambayo ni kama kilomita 140. Motokaa ya petroli ya ukubwa wa kati, katika vilima vyetu, hunywa kama lita 10 kwa kila kilomita 100. Bei ya mafuta hutangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na ya Bukoba huwa juu ya ile ya Dar es Salaam kwa sababu ya gharama ya kuyasafirisha. Kwa urahisi wa hesabu tuseme lita moja ni shilingi 3,000. Safari itakula lita 14, yaani shilingi 42,000.

Motokaa ya umeme ya ukubwa huohuo hutumia kama uniti 20 kwa kilomita 100, basi safari hiyo itakula uniti 28. Kwa bei ya TANESCO iliyowekwa mwaka 2016 kwa matumizi ya kawaida, uniti moja ni shilingi 292, na pamoja na kodi na tozo hufika kama shilingi 356. Jumla ni kama shilingi 10,000. Faida ya safari moja ni shilingi 32,000. Hesabu hii ndiyo inayotangazwa, na ni ya kweli.

Lakini daftari lina ukurasa wa pili, ambao matangazo hayaufungui. Mteja mdogo wa TANESCO, yule asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, ili mnyonge naye apate taa. Mwenye nyumba anayetumia uniti 60 kwa mwezi hulipa kama shilingi 7,300. Akichomeka motokaa katika mita hiyohiyo, akaenda Muleba mara nne tu kwa mwezi, amekwisha kuongeza uniti 112, naye huhamishwa katika kundi la matumizi ya kawaida. Uniti zake 60 za taa na pasi sasa zitamgharimu zaidi ya shilingi 21,000. Motokaa imepandisha bei ya taa ya nyumbani.

Ukurasa wa tatu ni bei ya kununulia. Mfano mmoja uliosifiwa sana ni motokaa iitwayo R2 ya kampuni ya Rivian ya Marekani. Ilipoonyeshwa mwezi Machi 2024 ilisemwa kuwa bei yake itaanzia karibu dola 45,000. Kwa kadirio la shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni shilingi milioni 112 na nusu. Ikitozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ambao ndio kiwango cha kawaida cha motokaa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, itafika kama shilingi milioni 166, kabla hatujahesabu nauli ya meli, bima, na tozo nyinginezo. Viwango vya kodi huweza kubadilika kila bajeti ya mwezi Juni, kwa hiyo mnunuzi aende TRA mwenyewe akaulize, asimwulize dalali.

Sasa tulinganishe. Tuseme, kwa huruma, kwamba motokaa ya umeme imeizidi motokaa ya petroli ya mkono wa pili kwa shilingi milioni 40 tu, ijapokuwa tofauti yaweza kuwa kubwa kuliko hiyo. Mtu aendaye Muleba mara moja kwa juma ataokoa kama shilingi milioni moja na nusu kwa mwaka, baada ya kutoa ile nyongeza ya umeme wa nyumbani. Atahitaji zaidi ya miaka 26 kurudisha tofauti ile. Hakuna betri itakayomngoja muda huo. Lakini yule aendaye mara nne kwa juma, kila juma la mwaka, ataokoa karibu shilingi milioni sita na nusu, na tofauti itarudi kwa muda wa miaka sita na ushei.

Hapa ndipo penye kiini cha shauri letu. Faida ya motokaa ya umeme hutoka katika kilomita. Linalotembea mchana kutwa hujilipa. Linalolala chini ya mwembe, likaoshwa Jumamosi na kwenda harusini Jumapili, halitajilipa kamwe, hata likisifiwa na dunia nzima.

UMEME, MVUA NA MILIMA

Twende kwenye umeme wenyewe. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mkoa wa Kagera iliwaka taa kwa umeme ulionunuliwa Uganda, ukija kwa njia ya Masaka mpaka Kyaka. Mradi wa njia ya kilovolti 220 kutoka Benaco mpaka Kyaka umekusudiwa kutuunganisha imara na gridi ya Taifa. Ni kazi njema. Lakini mwananchi anayejua jinsi taa inavyofifia saa mbili usiku, wakati kila nyumba imewasha, hahitaji kuambiwa na mtaalamu kwamba nguvu katika waya wa kijijini ina mpaka.

Motokaa ya ukubwa wa kati hubeba betri ya uniti 60 au zaidi. Kwa tundu la kawaida la ukutani, linalotoa kilowati mbili hivi kwa usalama, kuijaza kutoka mwanzo hadi mwisho kwachukua kama saa 30. Kwa mtambo maalumu wa ukutani wa kilowati 7, kwachukua kama saa 9, yaani usiku mmoja. Mtambo huo wataka waya mnene, waya wa ardhini uliopimwa, na fundi mwenye leseni. Usikubali ndugu yetu yeyote akuunganishie kwa waya wa pasi. Na katika nchi hii inayopakana na Ziwa Victoria, ambalo ni mojawapo ya sehemu za dunia zipigwazo sana na radi, nyumba isiyo na kinga ya radi haistahili kufungiwa chombo cha mamilioni.

Hata hivyo tuseme haki: kwa safari za kila siku umbali si tatizo. Kwenda Muleba na kurudi, au kwenda Mutukula na kurudi, motokaa yenye uwezo wa kilomita 400 yafanya bila wasiwasi, hata milima ikiipunguzia robo. Tatizo ni safari ndefu. Tangu Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, kwenda Mwanza kwa barabara bila kungoja kivuko kumekuwa jambo la kawaida. Lakini njia hiyo ni zaidi ya kilomita 400. Mwenye petroli akipungukiwa Biharamulo ajaza dumu na kuendelea. Mwenye umeme akipungukiwa Biharamulo, na hapana mahali pa kuchaji haraka, itambidi aombe tundu katika nyumba ya wageni, alale na aamke, na pengine alale tena.

Barabara nazo zatofautiana. Lami ya kutoka Bukoba kupita Kemondo na Muhutwe hadi Muleba ni jambo moja. Njia ya udongo mwekundu iendayo kwenye zahanati ya kijijini wakati wa masika ni jambo jingine. Betri hukaa chini ya sakafu, na gari zima hufika uzito wa tani mbili. Mnunuzi apime kwa futi kimo cha tumbo la gari kutoka ardhini, wala asidanganywe na kimo cha paa. Wako watengenezaji waitao gari la milimani kila gari lenye paa la juu.

FUNDI NI NANI?

Katika mitaa ya Bukoba wapo mafundi wanaoweza kuishusha injini ya RAV4 na kuirudisha kabla ya jua kuchwa. Twawaheshimu. Lakini ndani ya motokaa ya umeme mna nguvu ya volti 400 hivi, nayo yaweza kuua papo hapo. Fundi wa kuibahatisha hafai. Anayefaa ni aliyefundishwa, mwenye glavu za mpira wa kazi hiyo, na mwenye kompyuta inayokubaliwa na mtengenezaji. Je, yupo Bukoba? Yupo Muleba? Kama hayupo, gari litabebwa juu ya lori hadi Mwanza au Dar es Salaam, na nauli ya lori ile itaimeza faida ya safari nyingi za Muleba.

Jambo la betri lataka macho zaidi. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya miaka minane au kilomita 160,000, kwamba uwezo wa betri hautashuka chini ya asilimia 70. Dhamana hiyo ni nzuri mahali ambapo kampuni ina wakala. Gari lililonunuliwa kupitia mtu binafsi katika nchi nyingine aghalabu huiacha dhamana yake bandarini. Tena ziko betri za namna mbili kubwa: zile za nikeli, ambazo ni nyepesi na hubeba umeme mwingi, na zile za chuma na fosfati, ambazo ni nzito kidogo lakini huvumilia kujazwa na kutumiwa mara nyingi zaidi. Kwa mwananchi anayetaka gari lidumu, hizi za pili zafaa zaidi. BYD Atto 3 ya China, ambayo ni ndogo kidogo na imekwisha kuuzwa Rwanda na Kenya, hutumia betri ya namna hii, ya uniti 60.48, nayo kwa vipimo vya Ulaya huenda kilomita 420. Hatumpigii mtu debe. Twataja gari hilo kwa sababu moja: lipo, laonekana, na mtu aweza kumwuliza jirani anayeliendesha. Motokaa ya tangazo haina jirani wa kuulizwa.

AHADI NA YALIYOWAPATA WENGINE

Ile R2 tuliyoitaja, watu zaidi ya 68,000 waliiwekea nafasi kwa dola 100 kila mmoja kabla ya siku moja kwisha, ingawa iliahidiwa kuanza kutolewa mwaka 2026. Kwa Mmarekani dola 100 zinazoweza kurudishwa si kitu, na gari lilikusudiwa kwanza kwa soko la kwao, usukani ukiwa kushoto. Sisi huendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani wetu ni wa kulia. Mtu wa Bukoba anayeharakia foleni ile ajiulize ni foleni ya nani.

Tena tazameni habari ya kampuni ya Fisker. Ilitoa motokaa ya umeme ya ukubwa wa kati, iliyoitwa Ocean, ikasifiwa kwa uzuri, na maelfu ya watu wakainunua. Mwezi Juni 2024 kampuni iliomba kulindwa mahakamani kwa kufilisika. Wenye magari waliachwa wakitafuta vipuri na programu za kuyaendeshea, katika nchi zenye mafundi wengi na mahakama zenye nguvu. Lau jambo hilo limempata mstaafu wa Kamachumu, angalikwenda kwa nani?

Katika butura ya kahawa mwenye fedha ndiye mwenye nguvu, na mkulima ndiye anayeumia. Katika butura hii ya motokaa mwenye fedha ni mwananchi, na bado yeye ndiye anayeumia, kwa kuwa ametoa fedha taslimu akapokea picha. Mwenye kiwanda akifanikiwa, faida ni yake. Akishindwa, hasara ni ya aliyetanguliza. Usiache mbachao kwa msala upitao.

TUONAVYO SISI

Kwa mfanyakazi mmoja mmoja, na hasa mstaafu, twasema: ngoja. Kungoja si woga. Bei za betri zimekuwa zikishuka mwaka baada ya mwaka, na anayengoja miaka miwili mitatu aghalabu hununua kilicho bora kwa fedha chache. Kama gari lako la petroli lingali zima, litunze. Kama huna gari, usifanye kiinua mgongo kiwe shule ya kujifunzia makosa ya watengenezaji. Na kama umekwisha kuamua, basi toa fedha siku ile umeliona gari kwa macho, umelipandisha mlima, umeshika karatasi ya dhamana, na umeonyeshwa karakana.

Kwa vyama vya ushirika na halmashauri zetu, twasema kwa sauti kubwa zaidi. Kagera ni nchi ya ushirika tangu siku za wazee wetu, na ushirika uliojengwa kwa debe za kahawa usije ukabomolewa na gari la mwenyekiti. Asitokee kiongozi akajivika joho la maendeleo, akasema kuwa anaokoa mafuta, kumbe ataka shangingi jipya lisilotoa moshi. Kama gari lina kazi ya kila siku, kama kupeleka dawa, kukagua maghala, au kuzunguka vyama vya msingi kutoka Nshamba hadi Muhutwe, hesabu iletwe mbele ya wanachama: kilomita ngapi kwa mwezi, uniti ngapi, fundi yuko wapi. Hesabu ikikubali, gari linunuliwe, nasi tutakuwa wa kwanza kulipongeza. Hesabu isipokubali, fedha ibaki katika miche, mbolea na maghala.

Tena twawaomba ndugu zetu wasianze juu wakashuka chini. Mfano wa faida ya kilomita hautafutwi mbali: ni kijana wa bodaboda. Huyu hutembea kilomita mia na zaidi kwa siku. Pikipiki ya petroli hutumia kama lita mbili na nusu kwa kilomita 100, yaani shilingi 7,500; ya umeme hutumia uniti tatu au nne, yaani kama shilingi 1,400. Tofauti ya shilingi 6,000 kila siku ni chakula cha familia na ada ya shule. Rwanda imekwisha kuchukua njia hiyo, ikaamua kuwa tangu mwaka 2025 pikipiki mpya za abiria zinazoandikishwa katika Jiji la Kigali ziwe za umeme. Mkopo wa SACCOS ukitafuta mahali pa kuanzia mapinduzi ya umeme katika Bukoba na Muleba, uanzie kwenye pikipiki ya kazi. Motokaa ya fahari itafuata baadaye.

Mwisho twawageukia wenye madaraka. Mwananchi akiambiwa angoje, ana haki ya kuuliza anangoja nini. Tunataka njia ya gridi kutoka Benaco itende kazi iliyokusudiwa. Tunataka mahali pa kuchaji haraka Bukoba, Muleba, Mutukula na Biharamulo, hata kama ni pamoja kwanza, penye bei iliyobandikwa ukutani. Tunataka chuo cha VETA cha mkoa kiwafundishe vijana kazi ya volti 400, ili yule fundi hodari wa injini awe fundi hodari wa mota, asije akaachwa kando ya barabara na mabadiliko ambayo hakuyaomba. Tunataka TANESCO ifikirie mita ya pili kwa ajili ya magari, ili taa ya mnyonge isipandishwe bei na gurudumu. Mambo haya yakitengenezwa, hatutahitaji kumshawishi mtu, daftari litamshawishi.

Mkulima wa Kagera ameonywa miaka mingi asichume kahawa kabla haijawa nyekundu, maana mbichi huharibu jina la gunia zima. Onyo hilohilo twalileta barabarani. Motokaa ya umeme ni ua zuri, na hatuna shaka kuwa litazaa. Siku litakapoiva tutalichuma, tena kwa vikapu. Mpaka siku hiyo mwenye jasho na alishike jasho lake, na atakayekuja kumhesabia ahadi badala ya gari aambiwe kwa adabu kwamba Bukoba na Muleba waijua butura, wala hawaitaki tena.